Kisa cha Mita Moja na Robo Tatu

Juma ana maembe 12. Akimpa Asha maembe 5, atabakiwa na maembe mangapi? Ndugu msomaji, kama umesoma shule ya msingi hapa Tanzania, huyu Juma unamfahamu. Mimi nilimwacha darasa la pili nikadhani tumemalizana. Kumbe yupo. Nakutana naye karibu kila wiki katika karatasi ninazochapa, bado ana maembe yale yale, bado anamgawia Asha, na mpaka leo hakuna aliyetuambia kwa nini anamgawia. Anampenda? Alikuwa anadaiwa? Na hayo maembe kayatoa wapi, shambani kwao au kwa jirani? Kwetu sisi tunaotaka kuandika riwaya, Juma ni mhusika aliyekufa kabla hajazaliwa.

Nina miaka 24. Nilimaliza kidato cha nne hapa hapa Dar es Salaam, na tangu hapo ninaandika riwaya ambayo imeshajaza kaunta buku tatu na haijaisha. Riziki yangu inatoka kwenye steshenari, ninakochapa kazi za watu na kutoa kopi. Hesabu na mimi tuliachana kidato cha pili, kimya kimya, kama wachumba ambao hawakuwahi kutambulishwa kwa wazazi. Sasa maisha yana utani wake: wateja wangu wakubwa ni wanachuo wa ualimu, na wengi wao wanakwenda kufundisha hesabu. Chuo chenyewe sikitaji, maana ninayoyasema nimeyaona katika karatasi za watu walioniamini.

Nimechapa maandalio ya somo mpaka nimeyakariri. Utangulizi dakika tano. Kujenga maarifa mapya. Kuimarisha maarifa. Tafakari. Hitimisho. Safu ya mwalimu inasema "kuwaongoza wanafunzi kubaini", safu ya wanafunzi inasema "kubaini". Ukibadilisha mada kutoka kujumlisha kwenda kutoa, andalio linabaki lile lile. Nilikuwa nachapa huku nawaza: hawa watu kesho watasimama mbele ya watoto themanini, tisini, na kuwaambia hesabu ni kufikiri. Je, wao wenyewe nani aliwahi kuwaacha wafikiri?

Swali hilo lilinikaa kichwani tangu siku alipokuja dada mmoja na karatasi ya maswali nimtolee kopi. Ilikuwa dodoso la mitindo ya kujifunza. Unajibu maswali, unajumlisha alama, mwishoni unaambiwa wewe ni mtu wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, au wa kutenda kwa mikono. Mgawanyo huu wa makundi manne ni wa Neil Fleming wa Nyuzilandi, aliyeutangaza pamoja na mwenzake Colleen Mills mwaka 1992. Kwake kilikuwa chombo cha kuanzisha mazungumzo kuhusu namna mtu anavyopenda kupokea habari. Lakini chombo kikishasafiri baharini mara nyingi hufika na jina jingine. Hapa kwetu kilifika kama nyota za gazetini: wewe Ng'e, wewe Mizani, basi majaliwa yako ndiyo hayo.

"Kaka Mwandishi," akaniambia yule dada, maana ndivyo wanavyoniita, "mimi ni mtu wa kusikia. Ndiyo maana michoro hainiingii."

"Nani kasema?"

"Karatasi imesema. Na mkufunzi mmoja kaniambia nijikite kwenye maelezo ya mdomo, michoro niwaachie wenye macho yao."

Alisema huku anacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Wiki tatu mbele alikuwa anakwenda mazoezi ya kufundisha, wenyewe wanaita BTP, na alikuwa amepangiwa darasa la tano, mada ya kugawanya sehemu. Mama yake anauza vitumbua, na ada ya chuo ilikuwa inatoka kwenye kikaango hicho, kitumbua kwa kitumbua. Akifeli mazoezi anarudia. Akirudia, mama anakaanga mwaka mwingine. Sasa mtu katika hali hiyo umwambie kwamba mlango mmoja tu ndio wake, na mada aliyopewa iko nyuma ya mlango mwingine!

Mimi si mwanasaikolojia, lakini kazi yangu ni kuumba watu wa kwenye karatasi, na jambo moja nimelijua kwa kuchana kurasa nyingi: mhusika mwenye sifa moja hatembei. Ukiandika "huyu ni bahili" kisha kila anapotokea akawa bahili tu, msomaji anafunga kitabu. Bahili wa kweli kuna siku anamnunulia mtoto wa jirani andazi, na hapo ndipo anapoanza kupumua. Ikiwa mtu wa kwenye karatasi anakataa kufungiwa katika neno moja, itakuwaje kwa mtu aliyetembea na miguu yake akaja dukani kwangu?

Nikaanza kusoma. Nashukuru wanachuo, makala wanazoleta huwa nazisoma kabla ya kuzifunga na stepla. Kumbe mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walikaa wakapekua utafiti uliokuwapo kuhusu mitindo hii. Waliuliza swali ambalo hata fundi baiskeli angeliuliza: ushahidi uko wapi? Wakasema, ili tuamini, chukueni watu wa kuona na watu wa kusikia, kila kundi ligawanywe kwa kura, nusu wafundishwe kwa picha na nusu kwa maneno, halafu wote wapewe mtihani mmoja. Kama nadharia ni kweli, wa kuona watafaulu zaidi kwa picha, na wa kusikia watafaulu zaidi kwa maneno. Tafiti zilizofanywa kwa namna hiyo zilikuwa chache mno, na baadhi yake zilipinga nadharia yenyewe. Hitimisho lao: ushahidi wa kutosha wa kuwapanga wanafunzi kwa mitindo haupo.

Tusielewane vibaya. Hawakusema watu wote ni sawa. Watu wanatofautiana, na mimi nawaona kila siku mbele ya kaunta yangu. Wapo wanaopenda kuchora, wapo wanaofikiri kwa kuongea, wapo ambao bila kushika kitu hawaamini. Tena kila mmoja anakuja na alichokijua tangu nyumbani, na hicho kinampa nguvu mahali na kumpungukia pengine. Kinachokataliwa ni ule ukuta, ile habari ya kusema huyu aletewe hiki tu kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Nenda kijiweni ukawatazame wazee wanaocheza bao. Mashimo 32, kete 64. Mzee kakaa, mikono iko magotini, macho kwenye ubao, midomo inanong'ona hesabu, halafu ghafla mkono unashuka na kete zinatembea mpaka mwenzake anashika kichwa. Huyo mzee ni mtu wa kuona, wa kusikia au wa kutenda? Ukimwuliza atakufukuza usimwekee kivuli.

Sasa nije kwenye jioni yenyewe iliyonifanya nishike kalamu.

Umeme ulikatika mida ya magharibi na wanachuo wanne walikuwa wanangoja kazi zao. Alikuwapo yule dada. Alikuwapo kaka mmoja ambaye kabla ya ualimu alikuwa fundi cherehani. Wa tatu alikuwa bwana mdogo anayechora kila anapokaa, hata kwenye risiti zangu. Wa nne wenzake wanamwita Kamusi kwa sababu anakariri kila kitu, kanuni haimpiti. Tukawasha taa ya simu. Kukaa kimya gizani ni kazi, basi nikawaambia habari niliyoisoma ya mwanamama mmoja, Liping Ma.

Liping Ma alizaliwa China, akafundisha shule za msingi huko, kisha akaenda kusoma Marekani. Mwaka 1999 alitoa kitabu kilicholinganisha walimu wa nchi hizo mbili, Wamarekani 23 na Wachina 72. Moja ya kazi alizowapa ilikuwa hii: kokotoa 1¾ gawanya kwa ½, kisha tunga kisa ambacho hesabu hiyo ndiyo jibu lake. Wamarekani 21 walijaribu kukokotoa, na 9 tu ndio waliofika kwenye jibu kamili. Aliyetunga kisa kinachosimama alikuwa mmoja. Wachina wote 72 walikokotoa sawasawa, na 65 kati yao wakatunga visa. Na wala usidhani hao Wachina walikuwa maprofesa. Wengi wao walisoma miaka tisa, wakaongeza miwili au mitatu ya ualimu, basi. Hawapishani sana na mwalimu wetu aliyetoka kidato cha nne akaenda chuo.

"Kukokotoa si kazi," akasema Kamusi. "Ya pili unaigeuza kichwa chini miguu juu, halafu unazidisha. Saba juu ya nne mara mbili. Tatu na nusu."

"Haya, kisa," nikamwambia.

"Kisa... Mama ana mkate mmoja na robo tatu. Anawagawia watoto wawili sawasawa."

Tukatulia. Yule mchoraji akawa wa kwanza kugutuka. "Mwalimu, hapo umegawanya kwa mbili. Kila mtoto anapata pungufu ya mkate mmoja. Tatu na nusu itoke wapi?"

Kamusi akakuna kichwa. Mimi sikuwa na kanuni, lakini kwa sikio la mtunzi nilisikia kisa kimevunjika: mwanzo wake hauzai mwisho wake. Tulianza na moja na robo tatu, tukagawanya, tukaishia na tatu na nusu. Tumegawanya halafu kimekua! Katika riwaya jambo kama hilo lazima ulieleze, la sivyo msomaji atakuuliza.

Fundi cherehani akakohoa kidogo. "Mimi nina kitambaa. Mita moja na robo tatu. Nakata vipande vya nusu mita nishone mifuko. Nauliza, vitatoka vipande vingapi?"

"Vitatu," akajibu Kamusi haraka, "na inabaki robo mita. Kwa hiyo ni tatu na robo. Lakini kanuni inasema tatu na nusu! Fundi, kitambaa chako kinaongopa."

Jamani, hapo ndipo nilipoona kitu. Kanuni ilikuwa mkononi, jibu lilikuwa mkononi, na watu wazima wanne waliosomea ualimu walikuwa wamekwama, wakikazia macho robo ya mita. Hakuna aliyekuwa mjinga. Ni kwamba kwa mara ya kwanza hesabu ilikuwa inawauliza kitu badala ya kuwaamrisha.

Yule dada, mtu wa kusikia, akavuta gazeti langu la juzi. "Kaka Mwandishi, mkasi." Nikampa. Akakata ukanda mrefu, akasema huu tuuite mita moja na robo tatu, akaukunja ukawa robo saba, akakata vipande vya robo mbili mbili. Kimoja. Viwili. Vitatu. Mkononi kikabaki kijikaratasi.

"Hii ni robo ya nini?" akauliza.

"Ya mita," akajibu Kamusi.

"Fundi kakuuliza mita? Kakuuliza vipande. Hii robo ya mita," akailaza juu ya kipande kizima, ikafunika upande mmoja tu, "ni nusu ya kipande. Tatu na nusu."

Fundi akapiga meza. Mchoraji akawa ameshaanza kuchora mstari na kuugawa. Halafu akasimama na kisa kingine kabisa: "Konda kanishusha njiani. Nimetembea kilometa moja na robo tatu, nauliza mtu, ananiambia hapa ndio nusu ya safari. Safari nzima ni kilometa ngapi?" Tatu na nusu! Mwisho ule ule, kisa tofauti. Cha fundi kinauliza nusu ngapi zimo ndani ya kitambaa. Cha mchoraji kinauliza kizima ni kiasi gani ikiwa hii ni nusu yake. Hesabu moja, maisha mawili. Mimi niliyekimbia hesabu nikajikuta nasisimka kama siku nilipogundua kwamba hadithi moja inaweza kusimuliwa na muuaji au na mama wa marehemu.

Lakini aliyenishangaza kuliko wote ni Kamusi. Alikaa kimya muda, halafu akasema polepole, kama anajisomea: "Kila mita moja ina nusu mbili. Kwa hiyo nusu ni nyingi mara mbili kuliko mita. Ndiyo maana tunageuza, tunazidisha kwa mbili. Miaka yote hii nageuza tu, sikujua nageuza nini." Umeme ukarudi. Hakuna aliyeshangilia kama ilivyo desturi ya mtaa, maana walikuwa wanabishana.

Sasa tuangalie kilichotokea pale. Kama mtu angewapanga kwa dodoso, mtu wa kusikia angepewa maelezo, mchoraji angepewa picha, fundi angepewa kitambaa, na Kamusi angepewa kanuni. Kila mmoja angekaa kwenye chumba chake na pengo lake. Walichofanya ni kupita kwenye vyumba vya wenzao. Kitambaa cha fundi kilizaa kosa la Kamusi, kosa la Kamusi likazaa mkasi wa dada, mkasi ukazaa mchoro, mchoro ukarudi ukafungua kanuni. Kwa mtazamo wangu, mkufunzi anayetaka walimu wanafunzi wafikiri kwa ubunifu ana kazi hiyo: atoe jambo moja lenye milango mingi, na kila mtu alazimike kupita mlango zaidi ya mmoja.

Tena haya hayakuanza kwetu. Hapo jirani Msumbiji alikuwapo mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014, mtu aliyewaandaa walimu kwa miaka mingi. Katika maandishi yake ya mwaka 1988 alieleza namna wajenzi wa vijijini wanavyopata msingi wa nyumba ulionyooka. Njia mojawapo ni hii: wanachukua kamba mbili zenye urefu sawa, wanazifunga pamoja katikati, kisha wanazivuta mpaka zikaze. Ncha nne za kamba zinakuwa pembe nne za nyumba, na pembe zote ni mraba. Gerdes alitaka walimu waone kwamba ndani ya kamba hizo kuna hisabati halisi, na kwamba mtu aliyeibuni alikuwa anafikiri. Hebu fikiri mwalimu mwanafunzi ambaye baba yake ni mwashi, ameambiwa tangu utoto kwamba kwao hakuna msomi, anapewa kamba mbili na swali moja: kwa nini pembe zinatokea mraba? Akikaa juu ya swali hilo siku mbili, hawezi tena kuwaambia watoto wa watu "kariri tu".

Mwingine ni George Pólya, Mhungari aliyehamia Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1945 kiligawa kazi ya kutatua fumbo katika hatua nne: elewa swali, panga njia, tekeleza, kisha tazama nyuma. Ile ya nne ndiyo inayofanana na kazi yetu sisi. Ukishamaliza mswada, unarudi unauliza: ingeweza kwenda njia nyingine? Mwandishi asiyefanya hivyo anabaki na rasimu ya kwanza maisha yake yote. Na mwalimu anayefuta ubao mara jibu linapopatikana naye hufundisha rasimu ya kwanza.

Baada ya jioni ile wanachuo wakawa wanakuja dukani na maswali yao. Swali la mchoraji nililipenda: chora pembenne mstatili zote zenye mzingo wa sentimeta 24, kwa pande zenye namba nzima. Unaanza na 11 kwa 1, eneo ni 11. Halafu 10 kwa 2 inatoa 20, 9 kwa 3 inatoa 27, 8 kwa 4 inatoa 32, 7 kwa 5 inatoa 35, na 6 kwa 6 inatoa 36. Uzio ule ule, shamba linakua. Hapo mwalimu hana haja ya kusema lolote, watoto wenyewe watauliza kwa nini. Swali la aina hiyo linamfaa anayechora, anayehesabu, anayekata karatasi na anayebisha, na hakuna anayeambiwa akae pembeni.

Najua atakayenipinga, na ana haki. Atasema: wewe kijana wa steshenari, unajua darasa la watoto tisini? Unajua kipindi ni dakika 40? Unajua mkaguzi anataka nini? Kweli, mengi ya hayo sijui. Lakini yule dada anayajua, na alikwenda.

Alikwenda BTP na magazeti ya zamani niliyomkusanyia, rundo zima. Darasa la tano, watoto themanini na kitu, watatu watatu hadi wanne dawati moja. Kila dawati ukanda mmoja. Alinisimulia jioni ile ile, sauti imemkauka. Robo ya kwanza ya kipindi ilikuwa fujo tupu, wengine walitengeneza kofia. Baadaye zikaanza kusikika zile sauti, "tatu na robo!", "hapana, tatu na nusu!", na dawati likawa linabishana na dawati. Ndipo mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kama kitambaa ni nusu mita, na nguo inataka mita moja na robo tatu?"

Swali hilo halikuwamo kwenye andalio. Mimi ndiye niliyelichapa, najua. Mtahini alikuwa amekaa mwisho wa darasa na fomu yake. Dada angeweza kusema "tutaliona kesho", na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akasema: "Tujaribu. Nusu mita ni robo ngapi?" Mbili. "Nguo inataka robo ngapi?" Saba. Darasa likanyamaza, halafu kabinti kamoja kakasema kwa sauti ndogo, "Tuna mbili kwenye saba." Sehemu mbili za saba za nguo. Ukigeuza na kuzidisha utapata hiyo hiyo, lakini kale kabinti hakakugeuza chochote. Kalihesabu robo. Na dada anasema alipoandika 2/7 ubaoni ndipo na yeye alipoona kwamba lile swali la mwanzo lilikuwa hivyo hivyo: robo saba, kwa robo mbili, saba kwa mbili, tatu na nusu. Wiki zote hizo alikuwa nayo mkononi, akaja kuonyeshwa na mtoto.

Kengele ikagonga. Hitimisho halikufikiwa.

Fomu ya mtahini niliitolea kopi mimi mwenyewe. Alama zilikuwa za kupita, si za kutamba. Kwenye maoni kulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza: mwalimu hakukamilisha hatua za somo kwa muda uliopangwa. Ya pili: wanafunzi walishiriki sana. Hakuna mahali palipotajwa lile swali la mtoto wa nyuma, kwa sababu fomu haina kisanduku cha mambo kama hayo. Mama wa vitumbua aliambiwa binti kapita, akamshukuru Mungu, na hiyo kwake ilitosha.

Kwangu haikutosha, na ndiyo maana nawaandikia wenzangu waandishi chipukizi wa mjini. Tunakaa vijiweni tunalalamika kwamba watu hawasomi, hawana mawazo, wanakariri tu. Mawazo yanaanzia wapi kama si pale mtoto anapouliza jambo ambalo mwalimu hakulipanga? Nani atamlinda mwalimu anayethubutu kusema "tujaribu", ikiwa chuoni aliambiwa yeye ni mtu wa sikio tu, na kazini anapimwa kwa saa? Fomu ziongezewe kisanduku kimoja, mtahini aandike swali bora lililotoka kwa mwanafunzi siku hiyo. Wakufunzi wawape wanachuo hesabu za kutungia visa, tena wawape na muda wa kukosea bila kuchekwa. Dodoso la mitindo libaki, likipenda, kama mazungumzo ya kufahamiana, lisiwe hukumu.

Na sisi tunaojiita watunzi tuna la kufanya. Shule iliyo karibu nawe ina mwalimu anayetafuta kisa cha kesho na hana. Mwandikie. Mpe Juma sababu ya kugawa maembe yake. Itakugharimu karatasi moja, na utajifunza jambo ambalo semina nyingi za uandishi hazifundishi: mwanzo wa kisa lazima uzae mwisho wake, hata kwa namba.

Wakati unafikiria, naacha kazi ndogo hapa. Mbili na theluthi moja, gawanya kwa theluthi mbili. Kanuni iache kwanza. Tafuta nani anagawa, anagawa nini, na kwa nini leo. Kisha kata karatasi uhesabu theluthi zako, na ukiona jibu linafanana na la mtu mwingine uliyemsoma hapa juu, usiseme ni bahati. Uliza kwa nini.